Masanduku Thelathini na Moja ya Batmakan

Ndugu waombolezaji, majirani wa At-Bashi nanyi mliotoka Naryn kwenye theluji, kwa niaba ya ukoo nawasomea maisha ya dada yetu, mimi Kubat, mdogo wake.

Batmakan Esenalieva alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 hapa hapa At-Bashi, ingawa cheti kinasema 11 Mei, kwa kuwa karani alikuwa malishoni na serikali haikumtambua mtoto yeyote mpaka aliporudi. Alisoma shule ya kijiji hadi 1960, kisha chuo kikuu mjini Frunze, na tarehe 1 Septemba 1965 akaajiriwa na taasisi ya lugha, ambako kwa miaka ishirini na tisa alikusanya mikia ya vitenzi, vile vipande vinavyofuatana mwishoni mwa neno, kutoka kwa yeyote mwenye lugha yake aliyekubali kunywa naye chai, kila mkia na kadi yake.

Mwaka 1968 mwanafunzi kutoka Tanga alimwandikia ona, onana, onanisha, onanishwa, naye akaweka kando yake maneno yetu yenye maana zilezile, kör, körüsh, körüshtür, körüshtürül, mkia juu ya mkia kwa mpangilio uleule, wao watu wa pwani ya joto, sisi wa milima ya barafu, ambao hatujawahi kuazimana hata chumvi, na siku hiyo hakula, alikaa akiitazama kadi kama mtu aliyekuta nyayo zake kwenye bonde asilowahi kufika.

Aliolewa na Jumash, daktari wa mifugo, tarehe 20 Juni 1969, wakajaliwa binti mmoja, Aichurok, tuliye naye hapa, na Jumash akatutangulia mwaka 2009.

Oktoba 1994 taasisi ilikikodisha chumba chake kwa muuza sofa, na barua yenye mihuri minne ikaagiza masanduku yake thelathini na moja yateketezwe kama karatasi chakavu. Mtunza stoo akamwuliza, "Mama, mikia yote hii, unafungua bucha?" Akajibu, "Bucha fungua wewe, mwanangu, mimi nafuga." Shemeji Jumash akaja na lori la kondoo, wakayaleta huku.

Baridi ile hapakuwa na umeme wala makaa, na paa lao lilivuja, basi akafanya kama tufanyavyo kwa kondoo tusioweza kuwalisha, akayatoa amana, sanduku moja kila nyumba. Watu walichoma viti, walichoma uzio, jirani Sonun alichoma mlango wa choo chake mwenyewe, lakini hakuna aliyechoma kadi.

Alipougua figo mwaka 2021, chuo kimoja kilikubali kuyahifadhi masanduku, sharti yawe kamili, maana fomu haina nafasi ya pungufu. Yalirudi thelathini, la Sonun likiwa limehamia naye Urusi, alikofuata wanawe wanaouza sokoni, wala hakuna aliyejua anwani. Kila asubuhi dada aliuliza, "Yamefika mangapi?" "Thelathini, mama," Aichurok alijibu. "Basi leo sifi." Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa tano asubuhi, hakuuliza.

Jana adhuhuri Sonun alishuka kwenye basi, mwenye miaka themanini na moja, siku tano njiani tangu aliposikia sokoni, kwa wasafiri, habari za ugonjwa, na sanduku limefungwa kwa shuka. Akasema, "Nimechelewa, nipigeni, ila kondoo wa mtu sikumlaza njaa." Aichurok alifungua mbele yetu, na chini ya kadi za mama yake zilikuwapo nyingine mia mbili, zilizokatwa kwenye makasha ya viatu, mikia ya Wachuvashi, Wayakuti na Watajiki waliouza naye meza kwa meza, kwa mwandiko wa Sonun mwenyewe, mwanamke aliyeishia darasa la nne.

Tunawashukuru madaktari wa wilaya, majirani wa nyumba thelathini na moja, wenzake wa taasisi waliofika bila barua, na chuo, ambacho tunakiomba radhi, kwani sasa idadi imezidi fomu.

Lala, dada. Kondoo wote wamerudi, na huyu wa mwisho amekuja na mwanawe.