Masizi ya Chumba cha Mama

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na sheria yake ni moja: ukikaa, una jibu. Kama huna, litunge. Asubuhi hiyo Mpole, jirani yetu mchomelea vyuma, alikuja na viganja vimechubuka kwa kusugua dari. Mkewe aliondoka na mtoto mchanga akikimbia doa la moshi chumbani, akaapa kwamba akirudi akalikuta, basi tena, ndoa imekwisha. Na leo ndiyo anarudi. Nilimwonea huruma, lakini huruma ya kijiweni haizuii ubishi.

— Limerudi tena, jamani, Mpole alisema. Nimesugua kwa sabuni mpaka bega halinyanyuki.

— Kosa la Brashi hilo, alidakia Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu. Fundi gani anapaka rangi juu ya masizi bila kuyaosha kwanza?

— Mpole ndiye aliyeniharakisha! Brashi, fundi rangi wetu, akawaka. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Sasa ufa unaingiaje hapa?

— Ufa, doa, si vyote viko nyumbani?

— Lakini bodi yenyewe ya dari tulishaing'oa tukaweka mpya, Mpole akasema. Limetokea palepale, juu ya pale kilipokuwa kitanda cha marehemu mama.

Brashi akakuna kichwa.

— Basi ni nyaya zinaungua huko juu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Umeme nimeuzima tangu mke aondoke. Chumbani hakuwashwi hata njiti.

— Jiko la jirani je? nikauliza mimi.

— Jirani gani? Nyuma ni uwanja mtupu.

— Mnajisumbua bure, Wakili akatangaza. Nyumba inavuta sigara. Msicheke! Nyumba nayo hujifunza tabia.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mpole hakucheka.

— Mama alikuwa na kibatari, akasema taratibu. Hakizimi mpaka anisikie nimekomea mlango. Hata nilipokuwa na ndevu zangu.

— Siku anafariki ulikuwepo? Wakili akauliza.

— Nilikuwa safarini. Nilikuta wameshazika.

— Basi kwake wewe hujarudi bado.

— Wakili, koma! nikamkaripia.

— Mwacheni, Mpole akasema. Ninaogopa, jamani. Nyumba niliyozaliwa, naiogopa.

Hapo akatokea shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa makamo asiye na mzaha. Ametangulizwa na dada yake kukagua dari. Tulimsogezea nafasi, hakukaa.

— Shemeji, nimepanda kiti nikaligusa, akasema, akanyoosha kidole cheusi tii.

Brashi akakishika, akakinusa, akakiachia upesi.

— Masizi ya zamani hayaachi rangi hivi. Haya mabichi.

— Na dari ina joto, shemeji akasema. Sasa, dada yuko garini hapo kona. Mtoto kamlalia mapajani, mwenyewe anacheka peke yake kwa furaha ya kurudi kwake. Nimwambie ashuke?

Wakili, mwenye jibu kila siku, akainamia kikombe chake. Brashi alikuwa akipangusa mkono kwenye suruali, hamalizi. Mpole akanigeukia mimi, nami, Mungu anisamehe, nikajifanya namtafuta muuza kahawa.

— Jamani, si nauliza tu? shemeji akarudia. Ashuke, asishuke?