Kovu Langu Refu na Vishimo Vinne vya Wifi

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Majengo, na nyie mliokuja kutoka Magamba! Nimesimama hapa nikiwa mzima, na kovu ninalo. Linaanzia chini ya mbavu za kulia, ni refu kuliko kiganja changu. Leo nawaambia lilivyokuja.

Wifi yangu Kabula, dada wa mume wangu, mnamjua, ndiye yule aliyekaa safu ya pili. Tulianza kuumwa kipindi kimoja. Tukila tu chakula cha mafuta, ubavu unakata, tunatapika. Tulipopigwa utrasaundi, wote tukakutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kabula akaniambia, "Wifi, twende wote tukapasuliwe." Ndugu zangu, nilikataa. Kabula alinitangulia kuolewa, alinitangulia kujenga, hata kwaya anaongoza yeye. Niliona nikimfuata na hospitali nitakuwa mkia wake.

Akaenda peke yake. Wakamfanyia upasuaji wa matundu, ule wa kuingiza kamera tumboni. Siku ya pili karudi nyumbani. Baada ya wiki chache yuko mbele anaimba. Akanionyesha vishimo vinne, kimoja kimejificha kitovuni. Jamani, nilichukia! Nikakaa na maumivu yangu miezi saba, nakunywa mizizi, mpaka nikaanguka sokoni mbele ya meza yangu ya dagaa wa Ikola.

Ndipo nikakubali kwenda. Nilipozinduka kutoka nusu kaputi nikapapasa tumbo, nikakuta bandeji ndefu. Nikalala wodini wiki nzima. Kila asubuhi Kabula ananiletea uji, ananifulia khanga, mimi nimegeukia ukutani. Nilijua kabisa kwamba yeye wamempendelea.

Siku ya kutolewa nyuzi nikamvaa daktari. "Dokta, wifi yangu mmemtoboa kidogo tu, mimi mmenichana. Niliwakosea nini?"

Hakukasirika. Akasema, "Mama, hapa hatukati mrija wowote mpaka daktari wa pili naye aangalie kwenye skrini, akubali kwamba ndio wenyewe wa mfuko wa nyongo. Kwako tulianza na matundu vilevile. Nyama zilikuwa zimegandana, mwenzangu akasema haoni. Tukaacha, tukafungua. Ningekata kwa kubahatisha, ningeweza kukata mrija mkubwa unaotoka kwenye ini, na leo usingekuwa hapa unanigombeza." Kisha akaniuliza, "Kwani ulikaa na ugonjwa muda gani, mpaka nyama zikagandana hivyo?"

Nikamwambia miezi saba. Hakuna aliyenibagua. Kule kugandana nilikulea mwenyewe, kwa wivu. Na Mungu aliniokoa kwa mdomo wa mtu ambaye hakuona aibu kusema haoni. Nililia pale kitandani, nesi akadhani nyuzi zinaniuma.

Ndugu zangu, kama unaumwa, usisubiri kwa sababu ya jirani. Nenda, na waamini wale wanaochukua muda kuangalia kabla ya kukata.

Limebaki moja, na hili hata mume wangu halijui. Wifi Kabula, wiki ile niliyolala wodini nilikuwa naomba. Niliomba vile vishimo vyako, ingawa vilishapona, vitunge usaha, urudi hospitali, ulale kitanda cha jirani yangu. Na wewe, nje kwenye benchi, nilikusikia unaniombea nipone. Mungu alisikia maombi yako, yangu akayatupa. Mtegemeeni Mungu huyo. Wifi, nisamehe.