Pampu ya Dawa Mfongoni

Kuna uvumi kwamba mbuzi wamekufa Shirimatunda kwa kunywa maji ya mfongo, huu mfereji wetu wa kumwagilia. Sijui kama ni kweli, lakini umekataa kunitoka kichwani, maana wanangu hupita hapo wakitoka shule.

Juzi nikishuka kutoka Machame kwa Noah, gari dogo la abiria, kijana aliyepakata pampu ya kupulizia dawa alimwamkia bibi aliyekaa pembeni yake. Bibi akamuuliza analima nini.

"Zabibu, bibi, huku juu. Zinataka dawa kila mara, la sivyo zinashikwa na ukungu."

"Na pampu unaoshea wapi?"

"Mfongoni, siku ya zamu yangu ya maji. Yanapita tu."

"Yanapita yanakuja kwangu," bibi akasema taratibu. "Ukiosha wewe, mjukuu wangu Kindness anainama anakunywa."

"Dawa yenyewe kidogo, bibi. Na bomba halitoi maji, nioshee wapi?"

Mimi ningemzaba kofi. Bibi aliushika mkono wake uliobabuka, akatoa mafuta ya kujipaka, akaanza kumpaka kama mtoto anayekwenda shule. "Hiyo kidogo ndiyo imekuchubua hivi, baba?"

Kijana aliutazama mkono. Noah ikasimama Shirimatunda, mimi na bibi tukashuka, kijana akaendelea na safari.

Wazazi wenzangu, nawaomba:

Usioshe pampu mfongoni, hata siku ya zamu yako.

Usimwage mabaki ya dawa karibu na maji.

Usimpe mtoto chupa ya dawa achotee maji.

Usimwache anywe mfongoni, hata maji yakionekana safi. Aliye juu yako humwoni.