Jenerali Aliyekwenda Rongo Kila Juni

Wazee wetu, wachungaji, wanajeshi na majirani, familia inawakaribisha hapa Ndhiwa, tumsindikize Meja Jenerali mstaafu Nicodemus Ogweno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapahapa, kitinda mimba wa mzee Jeremiah Ogweno, akasoma shule ya msingi kijijini na sekondari mjini Migori, akajiunga na jeshi mwaka 1979, akapanda vyeo kwa jasho lake, bila kubebwa na mtu. Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa Filister Achieng, wakajaliwa Trizah, Maxwell na Chrispine, na ingawa kambini watu walimtetemekea, nyumbani jenerali alikuwa Filister, yeye akitumwa maziwa dukani, na alikwenda mbio.

Juni 2012, alipokuwa akiongoza vikosi vitani Somalia, gari moja lililipuliwa, na Koplo Otieno, kijana wa Rongo, hakupatikana hata nguo, ikabidi wazee wazike tunda la yago badala ya mwili, kama tufanyavyo Waluo mtu wetu akipotelea mbali. Jenerali alikuja mwenyewe kwenye maziko, kofia mkononi, na mama wa kijana, Kezia, akamwambia mbele ya watu, “Nilikupa mtoto, umeniletea tunda.”

Tangu hapo, hata baada ya kustaafu mwaka 2014, kila Juni alikwenda Rongo bila sare wala dereva, akaketi nje kwa Mama Kezia, naye mama akampita kama hamwoni, hata maji asimpe. Alitaka jambo moja tu, asamehewe, wala hakuwahi kulitamka. Tulimsihi aache kujitesa, akasema mama ana haki yake, na Juni iliyofuata akaenda tena, mkaidi huyu wetu.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na Juni 2024 ilimkuta amelazwa Homa Bay, hawezi kuinuka. Wiki hiyohiyo Mama Kezia alitoka Rongo na chupa ya uji, akaulizia kitanda cha Nicodemus, bila cheo, akasimama kando yake.

“Mbona mwaka huu hukuja?”

Jenerali alilia, nasi tukalia, kisha mtu aliyekuwa amekataa chakula akanywa uji wote.

Alifariki tarehe 6 Februari 2025 asubuhi, Filister amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wanajeshi wenzake, na majirani waliotupikia na kutuchotea maji siku zote hizi. Marehemu aliomba udongo wa kwanza utiwe na Mama Kezia, naye amekubali, akasema safari hii ana mwana wa kuzika kwa mikono yake.

Pumzika sasa, Nicodemus, Juni hii tutakwenda Rongo sisi.