Mkanda Mguu wa Kulia: Wasifu wa Marehemu Simeoni Alute

Mchungaji, wazee, ndugu na majirani wa Kinyangiri, mimi Felista, dada mkubwa wa marehemu, ndiye niliyepewa kazi ya kumwelezea mbele yenu. Naomba asiondoke mtu mpaka nimalize.

Simeoni alizaliwa hapa Kinyangiri tarehe 4 Juni 1991, mtoto wa nne wa hayati Mzee Alute na Mama Selina. Alisoma shule ya msingi hapahapa. Akiwa darasa la tano, ng'ombe walishtuka shambani na plau ikampitia kifundo cha mguu wa kulia. Kilipona vibaya, hakikuvumilia tena kuguswa. Hata shuleni alivaa soksi moja tu, ya kushoto, na wenzake wakamwita Soksi Moja. Alicheka nao.

Alijifunza useremala Misigiri, na mwaka 2014 akaenda Mwambakuni, mji wa pwani ambako wageni huteleza juu ya mawimbi wamesimama kwenye mbao. Siku ya kwanza alinipigia simu: "Dada, shikamoo. Ziwa la huku halina ng'ambo, na watu wazima wanalipanda kama ndama!" Haukupita muda naye akalipanda. Alichonga mbao hizo na kufundisha wageni, kwenye karakana aliyoshirikiana na Bwana Emilian, huyu aliyekaa mbele mwenye shati jeupe. Anayeteleza hujifunga ubao mguuni kwa mkanda, usimtoroke. Emilian hufunga mguu wa kulia. Simeoni, kwa sababu ya plau, alifunga wa kushoto daima.

Mwaka 2018 alifunga ndoa na Janeth katika kanisa hili, wakajaliwa binti, Catherine.

Ratiba mliyoshika inasema alikufa maji. Tuliichapa hivyo kumtuliza mtu mmoja.

Januari mwaka huu mgeni alizama baada ya ubao kukatika. Ulikuwa na ufa. Emilian aliujua, akaupaka rangi, akaukodisha. Simeoni alimwambia mkewe, "Nimempa mpaka Jumatatu ajipeleke polisi. Asipokwenda, nakwenda mimi." Jumapili tarehe 9 Februari 2025 akaokotwa ufukweni, ubao umefungwa mguuni.

Emilian mwenyewe alituletea mwili, Alhamisi. Alilia kuliko mama mzazi. Akasema, "Wazee wangu, msifungue jeneza. Maji yamemharibu." Hakujua kwamba ukoo huu hauziki mtu ambaye hajaoshwa kwa mikono ya nyumbani. Baba mdogo Nathanaeli aliingia kumwosha, akatoka na sabuni ikiwa bado kavu.

"Felista, alama ya mkanda iko mguu wa plau. Na kisogo kimepasuka."

Ndipo tukamwambia mgeni wetu kwamba kaburi limegonga mwamba, mazishi yasogee. Ulikuwa uongo, Mchungaji anisamehe, lakini Kinyangiri nani atabisha habari ya mwamba? Akakaa, maana mleta maiti haondoki kabla ya mazishi. Alilala kitanda cha marehemu na kula kuku wetu, huku daktari akiupima mwili upya na polisi wakipekua karakana. Nyundo yenye damu waliikuta ndani ya pipa la gundi. Mimi ndiye niliyempakulia chakula. Nilimchukia, na kila nilipomwongezea nilisema moyoni: shiba, ndugu yangu, huko uendako hakuna wa kukuongezea.

Marehemu ameacha mama, mjane, binti mmoja, dada na kaka, na mguu wake mbovu uliomsemea.

Kwa mila yetu, aliyemleta marehemu ndiye hutupa udongo wa kwanza. Emilian, simama. Usitazame barabarani. Wale wawili nyuma ya turubai ni askari, wamekubali kukusubiri uutupe.

Simeoni, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Wewe, Emilian, usipumzike.