Maneno Aliyoyabeba Ragnfrid Haugseter

Marehemu mama yetu, Ragnfrid Haugseter, alizaliwa tarehe 14 Machi 1925 katika kitongoji cha Tverrbekk, Norwe, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi mpaka wa Uswidi. Alisoma shule ya kitongoji hadi 1939. Theluji ilipozidi, kaka yake Halvdan ndiye aliyembeba mgongoni.

Novemba 1941 Halvdan aliwakimbia Wajerumani walioikalia Norwe, akavuka mpaka. Walinzi wa Uswidi walimrudisha. Alikamatwa, akafia gerezani Februari 1942. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja tu.

Marehemu alifanya kazi posta kwa miaka thelathini na minane. Mwaka 1949 alifunga ndoa na Oddvar, mkata miti, wakajaliwa sisi wawili.

Tarehe 9 Juni 1956 alikuja mgeni wa kifalme kutoka Uswidi, ionekane kwamba ujirani umepona. Mama akachaguliwa kumpa maua. Wiki nzima alirudia jikoni maneno yale yale: "Kaka yangu Halvdan alibisha hodi kwenu, mkamrudisha."

"We mwanamke, utatuletea vita nyingine," baba alimtania.

"Na ije."

Asubuhi ile karani wa wilaya alimwonya: "Mama, mgeni ndiye anayeanza. Jibu ulichoulizwa, basi."

Mgeni alipokea maua, akauliza, "Umesimama sana juani?"

"Hapana, Mtukufu," mama akajibu, akapiga goti. Aliogopa kuiaibisha wilaya nzima. Gazeti liliandika kwamba alitabasamu.

Hakujisamehe. Sisi tulivuka kila mwezi kununua nyama ya bei nafuu. Yeye hakuvuka hata mara moja. "Itawakwama kooni," alisema, kisha akala na sisi.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2008. Hospitalini aliuguzwa na binti wa Kiswidi aliyemuuliza kama ana la kusema. "Ninalo, mwanangu, lakini wewe ulikuwa hujazaliwa." Alifariki tarehe 3 Februari 2009. Baba alimtangulia mwaka 1997.

Ameacha watoto wawili, Torunn na Eivind, wajukuu watano na kitukuu mmoja, aliyepewa jina la Halvdan.

Leo hakuna karani wa kutuzuia. Kaka wa mama, Halvdan, alibisha hodi, akarudishwa. Tumeyasema, mama, japo tumechelewa. Weka mzigo chini, upumzike.