Punje za Zlatomira Kaneva

Marehemu Dakta Zlatomira Raikova Kaneva alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 katika kijiji hiki cha Polyanovo, mkoa wa Dobrich, akiwa mtoto wa pekee wa Raiko, fundi wa mashine za kuvunia, na Penka, mwoka mikate. Alisoma hapa kijijini, kisha Dobrich mjini, na mwaka 1989 akahitimu masomo ya mimea Plovdiv. Walimu walimsifu kwa bidii. Kwa mapishi hakuna aliyewahi kumsifu, na wifi yake Ginka, anayewasomea haya, ni shahidi.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa ngano, akabaki huko hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa kutafuta jeni zinazofanya kazi ndani ya punje changa. Alipoulizwa maana yake, alijibu: "Punje ina jeni zote tangu mwanzo, ila haziamki pamoja. Mimi nachungulia tu nani yuko kazini na nani bado kalala." Hasa alitaka kujua zipi huamka siku ya kumi na mbili baada ya suke kuchanua, kwenye ile ngano yetu ya zamani isiyosinyaa upepo wa joto ukivuma. Suke hufungwa uzi wa buluu siku linapochanua. Siku ya kumi na mbili ikifika, punje huchomolewa na kutumbukizwa papo hapo kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali, la sivyo utendaji wa jeni hubadilika na kazi yote huwa bure. Dereva wake, Blagoy, aliwahi kuserereka na gari hadi mtaroni, mtungi ukiwa nyuma. Akampigia simu.

"Punje ziko salama?" Zlatomira akauliza.

"Salama kabisa, Dakta. Mimi nimevunjika mkono, kama una nafasi ya kusikiliza."

Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa na Radko Kanev, wakajaliwa binti, Yoana. Waliishi nyumba moja na mama mkwe wake, Stoyna, na kwa miaka thelathini wawili hao walibishana juu ya chumvi na mila.

Utafiti wake wa mwisho ulihitaji misimu mitatu mizuri. Wa 2021 ulikwenda sawa. Mwaka 2022 nyuzi za buluu zilimwishia katikati ya kazi, akatumia mabaki ya nyuzi nyekundu na nyeupe tunazovaa Machi na kuzifunga kwenye mti unaochanua, mtu akiomba lake moyoni. Mama Stoyna alipita shambani akaziona, akafurahi kwamba hatimaye mkwe wake ameamini. Akawaita majirani, wakafunga kila suke lililobaki, wakimwombea Yoana arudi kutoka Ujerumani alikokuwa akifanya kazi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujua suke lipi lilichanua lini. Msimu ukapotea.

"Mama, mmefunga shamba zima?"

"Zima! We mvivu, ulifunga mistari miwili tu ukatuachia sisi."

Zlatomira alikaa chini kwenye udongo, akacheka huku machozi yakimtoka. Hakumwambia alichoharibu.

Msimu wa 2023 ulikuwa mzuri, ukabaki mmoja. Oktoba mwaka huo aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho. Yoana akaacha kazi, akarudi nyumbani. Wakati huo Mama Stoyna alikuwa ameshaambiwa ukweli na Blagoy, asiyejua kufunga mdomo.

"Ningekaa na nyuzi zangu, mwanangu, ungekuwa umemaliza."

"Yoana karudi, hajarudi?"

"Karudi kukuuguza."

"Basi ulifunga vizuri, Mama."

Tarehe 23 Mei mwaka huu masuke yalichanua. Zlatomira hakuweza tena kusimama, kwa hiyo Mama Stoyna, mwenye miaka themanini na minne, alikwenda na Yoana kufunga nyuzi za buluu. Zlatomira alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, mikononi mwa Radko. Siku ya kumi na mbili imeangukia leo, ndiyo maana mazishi yamesogezwa kutoka saa nne hadi saa nane. Yeye mwenyewe aliagiza hivyo: "Mimi nitangoja. Punje hazingoji." Padri alinuna kidogo, kisha akakubali.

Ameacha mume, Radko, binti, Yoana, mama mkwe, Stoyna, wifi, Ginka, na wenzake wa kituoni. Baada ya mazishi, karibuni ngano yetu ya msiba, ya kuchemsha, langoni mwa makaburi. Msizichambue punje kwa kidole kama alivyokuwa akifanya yeye kwenye misiba ya watu.

Maneno yafuatayo hayamo katika karatasi mlizopewa. Yameandikwa leo asubuhi. Saa nne masuke ya uzi wa buluu yalikatwa, Yoana akachomoa punje, Blagoy akashika mtungi. Lilibaki suke moja pembeni, lenye uzi mwekundu na mweupe. Blagoy akanyoosha mkasi.

"Hilo liache," Mama Stoyna akamwambia. "Nililifunga ili apone."

Likaachwa. Lala, wifi yangu, upumzike. Punje ziko salama.